Kura si Tuzo ya Sauti Nzuri



Leo tunaweka mwiko chini kidogo. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kinyangiri, wilaya ya Mkalama kule Singida, aliyeolewa hapa Unguja, alikuwa kwao wakati wa kura za maoni za CCM. Alikaa na mama zake wadogo na shangazi zake wakiwasikiliza wagombea ubunge wakijinadi. Aliporudi akatusimulia. Kwanza tulicheka, kisha tukaudhika, kwa sababu aliyoyasimulia tunayafanya na sisi huku, tena kwa ufundi zaidi.

Kwa asiyejua utaratibu: wagombea huzungushwa pamoja kata hadi kata, kila mmoja hupewa dakika chache mbele ya wanachama, huulizwa maswali mawili matatu, kisha msafara huondoka. Mwaka 2025 kura zenyewe zilipigwa tarehe 4 Agosti. Katika majimbo mengi ya bara hiyo ndiyo nafasi pekee mwananchi anayopata ya kuwaona wagombea wamesimama bega kwa bega.

Sasa sikilizeni hukumu zilizotolewa baada ya vumbi la magari kutulia. "Yule kijana anaongea kama maji." "Yule mzee katuchekesha, huyo ni mtu wa watu." "Yule mama sauti imemkauka, halafu umemuona viatu?" Mwenzetu akauliza: je, kuhusu alizeti wamesema nini? Kimya. Hakuna aliyekumbuka.

Alizeti, dada zetu! Singida bila alizeti ni Pemba bila karafuu. Katika bajeti ya mwaka 2022/23 serikali ilipunguza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, na bei ya alizeti ikaanguka. Wakulima wa Singida na Dodoma walilia. Sisi tunaokaanga sambusa na kachori tunataka mafuta yashuke bei. Mama wa Mkalama anataka jasho lake lilipwe. Haki mbili zinagongana, na pa kuzipatanisha ni Dodoma, ndani ya Bunge moja ambalo na sisi Zanzibar tunalipelekea wabunge kutoka majimbo 50. Kwa hiyo mgombea wa Mkalama akipita kwa kuchekesha, hasara yake inafika mpaka kwenye karai letu. Na wetu akipita kwa kuchekesha, yao ni hiyo hiyo.

Tunajua mtajibu nini. Mtasema: mbunge asiyejua kusema atatuteteaje? Kweli, ubunge ni kazi ya kusema. Lakini kusema nini? Kazi za Bunge zinajulikana: kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuisimamia serikali. Mgombea anayeahidi kutujengea barabara kwa mkono wake mwenyewe, hata akiahidi kwa mashairi, ama haijui kazi anayoiomba ama anatuona sisi hatuijui. Yote mawili ni sababu ya kumnyima kura.

Na hii hukumu ya sauti inamuumiza nani zaidi? Mwanamke. Mwanamume akipaza sauti, "jasiri". Mwanamke akipaza, "hana adabu". Akiishusha, "hawezi". Ataulizwa watoto kamuachia nani, wakati jirani yake mwenye wake wawili na watoto tisa haulizwi hata mmoja kalala wapi. Wanaouliza, wallahi, mara nyingi ni sisi wenyewe wanawake. Na jimbo hilo la Mkalama, lililojulikana miaka mingi kwa jina la Iramba Mashariki, liliwahi kuwakilishwa na mwanamke, Salome Mwambu, aliyechaguliwa mwaka 2010. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa kule hawawezi kumchagua mama.

Turudi kwenye dini yetu. Qur'ani ina sura nzima, ya 58, yenye jina la mwanamke aliyejadiliana: Al-Mujadila. Ni Khawla bint Tha'laba (r.a.), aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshitakia mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mama yake. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa alikuwa pembeni ya nyumba ile ile, na baadhi ya maneno ya mwanamke yule hakuyasikia. Mwenyezi Mungu, juu ya mbingu saba, aliyasikia yote, na hukumu ikateremka. Tazameni: sauti haikufika upande wa pili wa chumba, lakini hoja ilifika mbinguni. Leo tungemsikiliza Khawla tungesema, "Mama wa watu, hana sauti."

Kura ni amana, na aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha amana tuzifikishe kwa wenyewe. Anayemkabidhi mtu amana kwa sababu kampa khanga au kilo ya sukari, hiyo si zawadi, ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) kawalaani mtoaji na mpokeaji pamoja. Lakini na sisi tuliokataa khanga tusijitakase. Anayeuza kura yake kwa kicheko kaiuza pia, tena kwa bei ya chini zaidi.

Basi tuwapime kwa nini? Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza: je, anajua kazi ya Bunge? Muulizeni Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, unatumikaje na mbunge ana nafasi gani ndani yake. Akibabaika, hajafanya hata maandalizi ya mtihani.

La pili: je, ametaja wapi, lini, na kwa fedha ipi? "Nitaleta maji" ni dua, si mpango.

La tatu: akibanwa, anafanyaje? Anayesema "hili silijui, nitauliza niwaletee jibu" mpeni alama. Anayerusha kijembe ili watu wasahau swali, muondoleeni.

La nne: je, amekuja? Hapa hatutaki huruma. Mwaka 1995 wagombea wa urais wa Tanzania, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikaa kwenye mdahalo mmoja nchi nzima ikawasikia. Mwaka 2010 CCM ikawazuia wagombea wake kwenda kwenye midahalo. Wenzetu wa Kenya nao wameona mimbari tupu: mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, na mwaka 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake. Asiyekuja kuulizwa na wananchi kabla ya kura, nani atamuuliza baada ya kura? Huyo apewe sifuri, awe wa chama chetu au cha jirani.

Wala msiseme siasa si mambo ya ukurasa huu. Mafuta ya kula ni siasa. Maji ya mfereji ni siasa. Wodi ya wazazi ni siasa. Mwanamke anayekagua mchele punje kwa punje kabla ya kuununua hashindwi kumkagua mtu anayekwenda kumsemea miaka mitano.

Mwenzetu wa Kinyangiri anasema shangazi yake mmoja, baada ya kuulizwa lile swali la alizeti, alinyamaza sana, kisha akasema: "Mwanangu, tumechagua mwimbaji wa harusi." Tunaomba tusije tukayasema maneno hayo huku kwetu. Yeye walau kayasema. Wengi wetu tunapiga makofi mpaka leo.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona na masikio ya kusikia hoja. Wabillahi tawfiq.