WAKILI ALIYEONJA JELA

Mtu akisimama ufukweni Mbamba Bay jua linapotua, ng'ambo anayoitazama ni Nkhata Bay, nchi ya Malawi. Ziwa ni moja, na watu wa pwani hii wana jamaa zao huko tangu enzi za mababu. Kwa hiyo habari za Bwana Orton Chirwa na mkewe, Bibi Vera Chirwa, wanachama wa Mbinga na Nyasa wasizihesabu kuwa habari za ugenini.

Bwana Chirwa alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland kufuzu uwakili. Mwaka 1959 mkoloni alimtia kizuizini. Alipotoka alishiriki kuunda chama cha Malawi Congress, akakiongoza huku akimngojea Dakta Banda afunguliwe, kisha akampisha. Uhuru ulipopatikana Julai 1964 alikuwa Waziri wa Sheria. Miezi miwili baadaye alifukuzwa pamoja na mawaziri wenzake, naye na mkewe wakapata hifadhi kwetu. Walikaa Dar es Salaam miaka mingi, na Bibi Vera, mwanamke wa kwanza wa Malawi kuwa wakili, akafundisha sheria.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1981 walikamatwa mpakani mwa Zambia na Malawi. Serikali ya Banda ilidai kuwa wameingia Malawi wenyewe. Wao walisema wametekwa wakiwa Zambia. Wakashtakiwa kwa uhaini, na hapa ndipo twataka msomaji atue kidogo. Hawakupelekwa Mahakama Kuu. Walipelekwa Mahakama ya Jadi, ambamo waamuzi wengi walikuwa machifu na mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Hao waliokuwa mawakili wa kwanza wa nchi yao wakasimama kujitetea peke yao, na mwaka 1983 wakahukumiwa kufa. Chama kilichokuwa kikitawala ni kile kile alichokiunda mshtakiwa. Kelele za ulimwengu ziliwaokoa na kitanzi, wakapewa kifungo cha maisha mwaka 1984. Katika gereza la Zomba mume na mke walitengwa, miaka ikapita bila kuonana, mpaka wanasheria kutoka Uingereza walipofika Septemba 1992. Mwezi uliofuata Bwana Chirwa alifariki humo humo gerezani, na mjane wake hakuruhusiwa kwenda kumzika.

Bibi Vera alifunguliwa Januari 1993. Mwingine angetafuta kisasi, na kusema kweli, nani angemlaumu? Yeye alianzisha kituo cha kuwafunza wananchi haki zao. Baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikamteua kuwa Mjumbe Maalum wa Magereza, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2005, akizuru Msumbiji, Uganda, Ethiopia na kwingineko. Mwaka 2001 alirudi katika magereza ya Malawi, safari hii akiwa mkaguzi. Wala hakuhangaikia wafungwa wa siasa tu. Alimhangaikia hata mahabusi wa kesi ndogo asiyejua itasikizwa lini.

Sasa tuyatazame ya kwetu. Mahakama ya Mwanzo si ile Mahakama ya Jadi ya Banda: haiwezi kumhukumu mtu kufa. Lakini yaweza kumfunga mtu miezi 12, na kwa miaka mingi wakili alizuiwa kuingia humo, kwa hoja kwamba wananchi wataelewana vizuri zaidi bila lugha ya kitaalamu. Hoja hiyo ilikuwa na wema wake, ila haikumsaidia mvuvi aliyesimama kizimbani akitetemeka mbele ya mtu ajuaye sheria. Marekebisho ya mwaka 2021 yalimruhusu wakili kuingia pale anapoketi hakimu mkazi. Hata hivyo kibarua wa kahawa atamlipa wakili huyo kwa fedha gani? Ndiyo maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ikataka hata aliye gerezani afikiwe na msaada huo.

Sheria hiyo ipo. Twawauliza viongozi wa matawi, kuanzia Mbinga mjini mpaka Liuli: kibarua akikamatwa usiku wa leo, mkewe anajua kesho asubuhi aende kwa nani?