Safari Huanza Mlangoni

Kila yanapotajwa maendeleo ya Kenya, hatukosi kusikia sifa za reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Gari la zamani, twaambiwa, lilikesha njiani usiku kucha. Hili jipya huchukua saa tano hivi. Ni kweli, wala sikanushi. Nipingalo mimi ni hesabu yao. Wao huanza kuhesabu gari linapong'oka stesheni, hali msafiri huianza safari yake anapofunga mlango wa nyumba yake.

Natumtazame mama wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, aendaye Nairobi kumwuguza mwanawe. Stesheni iko Miritini, bara. Kwanza atafute tuktuk ya kumtoa vichochoroni, kisha matatu ya kuvuka Makupa na kupanda Changamwe, katikati ya malori ya bandarini yaliyofuatana kama siafu. Kwa kuwa hajui foleni itakuwaje, na gari halimngoji mtu, hutoka nyumbani mapema mno. Saa alizookolewa relini amezipoteza barabarani, na nauli amelipa mara tatu. (Habari ya makontena, iliyowatoa watu barabarani mwaka 2019, ina mahali pake, hapa nasema juu ya abiria.)

Watatokea wa kuniambia kwamba kisiwa ni kidogo, na reli ingebomoa majumba ya watu. Jawabu hilo lingefaa kama hapangekuwa na njia. Njia ilikuwapo! Reli ya kwanza ilianza kutandazwa mwaka 1896 papa hapa kisiwani, ikavuka Makupa kwenda bara. Nairobi nako stesheni mpya iliwekwa nje ya mji, Syokimau, lakini huko ilikumbukwa mapema treni ya kuwafikisha abiria mjini. Mombasa ikasahauliwa kwa sababu gani? Miaka ikapita ndipo kazi ya kuifufua njia ya zamani ya kisiwani ikaanza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, toka upande wa Ngome ya Yesu mpaka Kilindini, na matawi yake yalifika hata milangoni pa wakubwa. Ulikuwa utumishi wa dhuluma, wala siutamani urudi. Lakini ikiwa wakubwa wale walifuatwa hata barazani kwao, raia wa leo hastahili kufuatwa japo mpaka stesheni ya mjini?

Wala njia ya zamani haitatosha kwa kufufuliwa tu. Ratiba yake haina budi iungane na ya gari kubwa, hata lile la usiku liwashushalo watu Miritini kabla ya alfajiri, wakati ambapo mwenye tuktuk hudai nauli aipendayo. Na tikiti iwe moja, toka kisiwani hadi Nairobi.