Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Hakuna mtu wa Visiwani asiyeijua dengu. Unga wake ndio wa bajia zinazouzwa kila jioni na kutiwa katika urojo. Upande wa Bara, hasa Mwanza na Shinyanga, hupandwa katika ardhi nyeusi ya mbuga mvua zikimalizika, ikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Unyevu ukikauka kabla ya punje kujaa, mkulima huvuna maganda matupu.

Wastani wa mavuno ya dengu duniani ni kama tani 1 tu kwa hekta. Wataalamu wa mbegu wanajitahidi kuuongeza, lakini mtaalamu haumbi, huchagua. Asipokuta tofauti baina ya mmea na mmea, hana la kuchagua. Na tofauti hizo katika dengu ni haba, kwani ua lake hujichavusha lenyewe kabla ya kufunguka. Tena wingi wa mavuno haurithiwi kwa urahisi, maana hutawaliwa mno na ardhi na mvua. Uzito wa punje hurithiwa kwa yakini zaidi. Kwa hiyo mtaalamu huutazama huo pia, pamoja na siku za kukomaa, ili mmea uutangulie ukame.

Shirika la utafiti la ICRISAT, lililoanzishwa mwaka 1972 huko Patancheru, India, limehifadhi zaidi ya sampuli 20,000 za dengu. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kuwa wamesoma chembe za urithi za dengu 3,366, za mashambani na za mwituni. Kazi hiyo isingaliwezekana lau mbegu za kale zingalitupwa.

Dengu si zao la mashamba yetu, lakini tunazo kunde, choroko, mbaazi na mpunga wa kienyeji. Mbegu mpya yenye kuzaa sana tunaikaribisha kwa mikono miwili. Hata hivyo, aina iliyopotea hairudishwi kwa amri wala kwa fedha. Tunawaomba wakuu wa kilimo wawapeleke mabwana shamba katika vijiji vya Unguja na Pemba wakusanye kila aina, waandike jina lake na mahali ilikotoka, na kuihifadhi penye ukavu na baridi. Mkulima naye asikose walau tuta moja la mbegu ya wazee wake. Tukiipoteza akiba hiyo leo, wataalamu wa kesho watachagua nini?