Zimwi Lichekeshalo ni la Nani?

Wanafunzi wa fasihi huzoeshwa kuitenga tanzia na futuhi, kisha kuiweka tanzia-ramsa katikati. Je, tamthilia inayotisha huku ikivunja watu mbavu tuiweke wapi? Nauliza kwa sababu ndani yake mna mhusika asiyejadiliwa madarasani: mwanamke ampendaye mwanamke mwenzake.

Katika Carmilla, riwaya fupi ya Mwairishi Sheridan Le Fanu ya mwaka 1872, mhusika huyo ni mnyonya damu. Mapenzi yake ni maradhi. Tiba ni kuchomwa mti moyoni na kukatwa kichwa. Hapo hapana kicheko.

Mwaka 1984, jijini New York, Charles Busch alimgeuza. Katika Vampire Lesbians of Sodom, wanyonya damu wawili wanakorofishana tangu Sodoma ya kale hadi Hollywood na Las Vegas, wakigombea umaarufu. Mchezo huo ulihamia Provincetown Playhouse mwaka 1985, ukadumu kwa miaka mitano. Naam, zimwi lenye wivu wa waigizaji halimtishi mtu. Na asiyetisha hachomwi mti.

Hata hivyo, nasita kushangilia. Mapenzi yenyewe yamebaki zaidi kwenye anwani kuliko jukwaani. Mmoja wa mahasimu hao aliigizwa na Busch, mwanamume aliyevalia kike, akiwadhihaki nyota wa filamu za zamani. Mwenzake aliigizwa na mwanamke, Meghan Robinson, lakini maneno aliyoyatamka yaliandikwa na Busch.