Mshipa wa shingo wa baba, presha ya mama

Mzee mwenye kitambi na sigara akipooza upande mmoja, majirani hawashangai. Mama wa miaka 45 akipooza, maneno hugeuka: ametupiwa jini, kuna mtu kamfanyia. Siku 2 zinapotea kwa mganga ndipo itafutwe bodaboda ya kwenda hospitali. Wala si habari ya ushamba. Watafiti waliolinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, taarifa yao ikatoka 2008, walikuta mjini ndiko majini na uchawi vilikotajwa zaidi.

Fikra kwamba kiharusi ni cha baba ina chanzo chake. Shingoni kuna mishipa mikubwa 2 ya damu, mmoja kila upande. Ukiweka vidole pembeni ya koo unausikia ukidunda. Ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya ubongo. Kadiri miaka inavyokwenda, ndani ya kuta zake hujengeka utando wa mafuta na chokaa. Wagonjwa wa kiharusi wanapopimwa shingo, katika nchi mbalimbali imeonekana kwamba wanaume huwa na utando mwingi zaidi, tena ule laini wenye mafuta katikati na damu iliyovujia ndani. Huo ndio hatari. Ukipasuka, damu huganda juu yake, kipande hukatika na kupanda kichwani kuziba mshipa mdogo. Utando wa wanawake mara nyingi huwa mgumu na uliotulia, ingawa baada ya hedhi kukoma tofauti hiyo hupungua.

Lakini mama mwenye mishipa safi ya shingo bado anaweza kupooza. Presha huharibu mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, ikaziba au ikapasuka na kuvuja damu, bila shingo kuhusika. Moyo unaodunda bila mpangilio nao hurusha mabonge ya damu. Barani Afrika presha ndiyo inayoongoza, na haiulizi jinsia.

Hesabu za nyumbani zipo. Kati ya 1992 na 1995, mradi mmoja wa utafiti ulifuatilia vifo vya kiharusi Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kila 100,000 kwa mwaka, Morogoro walikufa wanaume 35 na wanawake 27. Dar es Salaam walikuwa wanaume 65 na wanawake 88. Tofauti hiyo ya Dar si ya kuapia, maana idadi ya vifo ilikuwa ndogo, lakini inatosha kumnyamazisha anayesema ni ugonjwa wa wanaume. Uingereza na Wales mwaka 1993 walikuwa wanaume 11 hivi na wanawake 9.

Kwa akina mama kuna la ziada ambalo halisemwi vya kutosha. Aliyepata presha kali au kifafa cha mimba amebaki na hatari kubwa zaidi ya kiharusi miaka mingi baadaye, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Kliniki ya mtoto inapokwisha, yeye aendelee kupimwa.

Halafu kuna msimu. Mvua zikianza, familia nyingi za bondeni huhamia mashamba ya mpunga na kulala kwenye dungu kwa wiki kadhaa, mbali na zahanati. Vidonge vya presha vya mwezi mmoja huisha mpunga haujaiva. Mgonjwa hajisikii vibaya, basi anasubiri mavuno. Kabla ya kuhama, muuguzi aelezwe safari ni ya muda gani ili dawa zitosheleze.

Dalili ni zilezile kwa wote: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Ipo nyingine ambayo watu huisingizia jua. Jicho moja linaingia giza kama pazia limeshushwa, dakika chache linarudi. Au mkono unalegea kisha unapona wenyewe. Mara nyingi hiyo huwa taarifa kutoka mshipa wa shingo, na kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Aende hospitali siku hiyohiyo, Ifakara au iliyo karibu, hata kama amepona.

Aliyepooza asipewe chakula wala maji, yanaweza kuingia mapafuni. Asipewe aspirini nyumbani, maana hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Anayempeleka akariri saa dalili zilipoanza. Ni swali ambalo daktari atauliza mapema, na mara nyingi aliyeliona tukio ndiye aliyebaki nyumbani na watoto.