Pete ya posa: kwanza mizani, kisha nakshi



Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, waliingia ofisini kwetu msikitini watu wawili ambao hawakutaka kuketi benchi moja. Mmoja ni kijana wa hapa hapa mtaani, dereva wa bajaji, ambaye posa yake ilikuwa imekwishakubaliwa na siku ya kupeleka kishika uchumba imekwishapangwa. Wa pili ni sonara. Kijana aliona picha ya pete katika simu, akaipeleka kwa sonara huyo atengenezewe kama ile, wakapatana bei, akatoa nusu yake kuwa arbuni. Baada ya wiki sita alirudi na nusu iliyobaki, akaambiwa dhahabu imepanda, aongeze zaidi ya laki moja. Kijana akasema, “Tulipatana.” Sonara akasema, “Tulipatana kwa dhahabu ambayo sikuwa nayo.” Wote wawili walisema kweli, na shauri ambalo kila upande una kweli yake ndilo gumu kulisuluhisha.

Kilichonitia hofu zaidi ni maneno ya kijana pale sonara alipotoka nje kupokea simu. Aliniambia kwamba nyongeza hiyo atakwenda kuikopa kwa riba, kwani ndugu za binti wamekwishaonyeshwa picha ya pete, naye hawezi kuaibika. Mtu ambaye bado hajaoa alikuwa tayari kuingia nyumbani kwake na deni la haramu, kwa ajili ya kitu ambacho si nguzo ya posa wala si sharti la ndoa. Kisa cha Swahaba aliyeambiwa na Mtume (SAW) atafute japo pete ya chuma kila mmoja wetu anakijua. Twakisimulia katika khutba za nikaha, kisha twatoka nje kuulizana karati.

Wapo wanaoichukia pete ya uchumba kwa asili yake, wakisema ni kuiga ada za wengine. Kwangu mimi, ikiwa ni zawadi tu, na haiaminiwi kuwa ndiyo inayofunga mapenzi, haina ubaya. Ubaya uliokuja ofisini kwetu siku ile ulitokana na namna ilivyonunuliwa.

Katika Hadithi ya Ubada bin Samit (RA), iliyomo katika Sahih Muslim, dhahabu na fedha zimetajwa pamoja na ngano, shayiri, tende na chumvi kuwa ni vitu vyenye masharti katika kubadilishana. Jinsi moja kwa jinsi hiyo hiyo iwe sawa kwa sawa, na mkono kwa mkono. Jinsi zikitofautiana, kiasi ni hiari ya wauzianao, maadamu ni mkono kwa mkono. Noti zilizomo mifukoni mwetu, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi, zimechukua hukumu hiyo kwa kuwa ndizo zilizokuwa thamani ya vitu. Kwa hiyo anunuaye dhahabu kwa shilingi na alipe yote, na aipokee hapo hapo. Arbuni leo na pete baada ya wiki sita ni muamala wenye kasoro, hata kama mtaa mzima ndivyo ufanyavyo. Sifichi kwamba Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walilegeza, wakaona kipambo kilichokwisha kufuliwa kimeingia katika hukumu ya bidhaa kwa sababu ya kazi ya mikono iliyomo ndani yake. Ni rai ya watu wazito, wala siibezi. Lakini nafuata kauli ya wengi, na ugomvi ule wa ofisini ulinizidishia sababu.

Njia ya halali, kwa bahati, ndiyo pia njia ya mwenye mfuko mdogo. Gawa jambo hili mafungu mawili. Kwanza nunua dhahabu yenyewe, ikapimwa mbele yako, ukalipa yote, ukaondoka nayo. Kisha mpelekee fundi dhahabu yako na mpatane juu ya kazi yake tu. Hapo mnauziana ufundi, wala si dhahabu, na ujira mnaweza kuulipa kabla, baada, au nusu kwa nusu. Mwenye kipato cha siku kwa siku anaweza kununua gramu moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, na ile ya kwanza, bei ipande ishuke, ni yake. Kama bibi au mama amempa hereni kuukuu, na aziyeyushe. Hakuna mauziano hapo, ni mali yake inabadilishwa umbo. Asichopaswa kufanya ni kubadilisha kipambo cha zamani kwa kipya na kuongeza fedha juu, jambo linalofanyika kila siku madukani. Auze kile cha zamani, ashike fedha zake mkononi, kisha ndipo anunue. Ndivyo Mtume (SAW) alivyomwelekeza mtu wa Khaybar aliyekuwa akibadilisha pishi mbili za tende hafifu kwa pishi moja ya tende bora.

Fundi akipokea dhahabu yako, ipimwe, uzito uandikwe, na mpatane tangu awali ni kiasi gani kitapotea katika tupa na moto, kwani hakuna kazi ya sonara isiyopoteza kitu. Pete ikikamilika ipimwe tena kabla kito hakijafungwa. Swahaba Fadala bin Ubayd (RA) alinunua siku ya Khaybar mkufu wa dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili, akautenganisha, akakuta dhahabu peke yake yazidi dinari hizo. Mtume (SAW) akaelekeza usiuzwe mpaka utenganishwe. Yeye alizidiwa kwa faida yake. Wengi wetu leo tunazidiwa kwa hasara, kwa maana tunapimiwa pete na jiwe lake, tukalipa jiwe kwa bei ya dhahabu.

Karati nazo zinawachanganya vijana. Dhahabu safi ni karati 24, nayo ni laini mno kwa pete ya kila siku. Karati 22 ni sehemu 916 katika 1,000, karati 21 ni 875, karati 18 ni 750, karati 14 ni 585, na karati 9 ni 375. Tarakimu hizo ndizo hugongwa ndani ya pete, basi zitafute, na ukiona 925 ujue hiyo ni fedha. Huku pwani, kama ilivyo Uarabuni, twapenda 21 na 22 kwa kuwa bangili zetu ni akiba pia. Kwa pete yenye kito, hata hivyo, karati 18 ni ngumu zaidi na hukishika kito vizuri. Karati 9 haifiki nusu ya dhahabu. Si haramu wala si aibu, ila uambiwe, na ulipe bei yake, si bei ya 18. Aliyebanwa zaidi asipunguze unene kupita kiasi; mafundi huonya kuwa mwili wa pete ukiwa chini ya milimita moja na nusu hupinda na kukatika. Afadhali kito kidogo juu ya pete imara.

Na fedha je? Pete ya Mtume (SAW) ilikuwa ya fedha, kama alivyopokea Anas (RA), na baada yake ikavaliwa na Abu Bakr, Umar na Uthman (RA), mpaka ilipotumbukia katika kisima cha Aris mjini Madina. Mimi mwenyewe nilipoposa nilipeleka pete ya fedha, kwa kuwa mshahara wa ualimu wa madrasa haukufika kwingine. Hugeuka nyeusi kila baada ya muda, na mke wangu huisugua kwa kitambaa, akinikumbusha kwa utani kwamba dhahabu haisuguliwi.

Kijana wetu alitaka tanzanaiti. Ni fahari ya nchi, haichimbwi popote duniani isipokuwa Mererani, mkoani Manyara, na imejulikana tangu 1967. Lakini fahari na uimara ni vitu viwili. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, almasi ni 10, yakuti ni 9, na mchanga wa kawaida ni 7. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, maana yake vumbi la mtaani laweza kuikwaruza, na kuigonga kwenye ukingo wa karo kwaweza kuipasua. Hereni au kidani vinaifaa zaidi kuliko kidole kinachokuna nazi na kufua nguo. Spineli, ambayo yenye rangi ya waridi hutoka Mahenge mkoani Morogoro, ina ugumu wa 8, na kipande kidogo chake si lazima kimshinde mtu wa kawaida. Vyovyote utakavyochagua, risiti iseme ni jiwe la ardhini au la kutengenezwa. Almasi ya maabara ni almasi kweli, na bei yake iko chini sana ya ile ya mgodini. Kosa ni kuiuza kwa jina la nyingine.

Katika mazungumzo yote yale, hakuna aliyekuwa amemuuliza binti. Tulimtuma dada yake kijana, naye akarudi na jibu lililotuaibisha sisi wanaume wote. Binti ni fundi cherehani. Pete ile ya pichani, yenye jiwe lililoinuliwa juu kwa vikucha na kuzungukwa na vijiwe vingine, ingenasa kila uzi na kuchana kila shifoni ya mteja. Alitaka kitu kilicholala. Yaani kijana alikuwa tayari kukopa kwa riba ili anunue pete ambayo mwenyewe angeivua kila asubuhi kabla ya kuanza kazi.

Basi sonara, ambaye Allah amlipe kheri, alikubali kuuvunja mkataba na kurudisha arbuni yote, kwa kuwa hakuwa amenunua chochote. Siku ya kishika uchumba ikasogezwa mbele. Kijana alinunua gramu chache za karati 18 kwa fedha taslimu, akaziweka mezani kwa sonara yule yule, wakaanza upya. Fundi akachora kwa penseli: mwili wa duara usio na kona, kito kimoja kidogo cha spineli kilichozamishwa na kuzungushiwa ukuta mwembamba wa dhahabu, bila kikucha hata kimoja. Kabla ya kuyeyusha akachonga kielezo cha nta, dada akakipeleka kwa binti akijaribu. Kipimo kilikuwa kimechukuliwa mchana wa jua kali, vidole vikiwa vimevimba, na pete ingepwaya. Kikapimwa tena jioni. Kisiwe cha kubana pia, kwani mwenye kutia udhu na kuoga janaba anatakiwa maji yafike chini ya pete, na pete inayozunguka kidoleni humwondolea tabu hiyo.

Kijana aliomba iandikwe “Bismillah” kwa ndani. Nikamshauri aache, kwa kuwa wanazuoni wamechukia kuingia chooni na kitu chenye jina la Allah, na fundi cherehani hana nafasi ya kuvua pete mara tano kwa siku. Akasema basi itiwe tarehe ya harusi. Sonara akacheka, akasema ameona tarehe nyingi za harusi zikihama. Ikabaki bila maandishi, na ujira ukapungua.

Jambo la mwisho tuliloliandika kwenye karatasi, mbele ya mshenga na walii wa binti, ni kwamba pete hii ni zawadi ya uchumba na si sehemu ya mahari. Nawasihi wazazi wasilione hili kuwa ni unuksi. Posa ikivunjika, mafuqahaa wametofautiana juu ya kurudishwa kwa zawadi: Wahanafi huangalia kama kitu kingalipo, Wamaliki huangalia ni nani aliyevunja. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya nchi yetu nayo inaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa, ikiwa mahakama itaridhika kwamba ilitolewa kwa sharti la ndoa kufungwa. Faili za talaka nilizonazo kabatini zina ugomvi mwingi wa vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvitaja siku ya furaha.

Pete ilipelekwa na wanawake, ikavishwa na mama yake kijana, kwa kuwa mchumba bado si maharimu. Mke wangu alikuwepo. Ananiambia kwamba wageni walipoondoka binti alirudi kwenye cherehani yake kumalizia gauni la mtu aliyekuwa akilisubiri, na hakuivua.