"Inaingia" Siyo "Inafaa": Hesabu Kwanza Kabla ya Kununua Difu

Msimu wa mavuno ukifika, simu ninazopigiwa si za kantangaze na ukungu tu. Nyingine ni za pikapu. Mkulima ana nyanya Ilula au viazi Njombe, mnunuzi anasubiri, na ile Hilux ya miaka ya 80 inalia difu. Mimi ni bwana shamba, si fundi magari. Lakini gari linalobeba mazao ni zana ya kilimo kama jembe au pampu ya maji, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Msimamo wangu ni huu: tatizo si uzee wa gari. Tatizo ni kununua spea kwa jina la gari. Mtu anafika dukani anasema, "Nipe difu ya Hilux." Anapewa, fundi anafunga, bolti zote zinakaa. "Inaingia, mzee!" Sawa, imeingia. Lakini inafaa?

Ndani ya difu kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela shafti, na krauni, gia kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni, unapata uwiano. Kwenye Hilux za zamani utakuta 41 kwa 10 (4.10), 43 kwa 10 (4.30), 41 kwa 9 (4.56) na 39 kwa 8 (4.88). Kwa nje unaweza usione tofauti yoyote.

Tofauti utaiona njiani. Gari la 4.10 ukilifunga 4.88, kwa mwendo uleule injini inazunguka zaidi kwa karibu asilimia 19. Kama gari ni la magurudumu manne, hapo ndipo pabaya zaidi: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, siku ukiingiza magurudumu manne, mbele na nyuma vinavutana mpaka kitu kikatike: krosi, shafti au gia za transfa. Na hutaharibikiwa mlangoni kwa fundi. Utaharibikiwa mlimani, nyanya zikiwa juu.

Sasa ufanye nini? Kwanza, fungua boneti usome kibati. Kwenye mstari wa TRANS/AXLE kuna alama za gia boksi na za ekseli, ziandike zote. Ila kibati kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Baada ya miaka 40 na mafundi wengi, difu iliyomo huenda si ile.

Kwa hiyo hesabu. Egesha pa tambarare, weka nyutro, kinga magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, weka stendi, kisha achia hendibreki. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Zungusha tairi mara 20, mwenzako ahesabu shafti akiwa pembeni, asiingie chini. Ikizunguka mara 41 ni 4.10, mara 43 ni 4.30, karibu 45 na nusu ni 4.56, karibu 49 ni 4.88. Hii ni kwa difu ya kawaida isiyo na loki. Ya mbele pima vivyo hivyo, habu zote mbili zikiwa zimefungwa, transfa ikiwa kwenye magurudumu mawili, na magurudumu ya nyuma yakiwa yamekingwa.

Beringi nazo zina namba zilizochongwa ubavuni. Beringi ya 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, iwe ya gari au ya mashine ya kusaga. Sili mara nyingi imeandikwa vipimo vyake. Krosi pima unene wa vikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Diski ya klachi pima upana na uhesabu meno ya katikati. Na kilichotoka usikitupe: nenda nacho dukani.

Wapo watakaosema, "Hiyo kazi ya fundi." Fundi mzuri namheshimu sana, tena atafurahi ukimpelekea namba badala ya kumwachia abahatishe. Lakini anayelipa ni wewe, na mzigo utakaooza ni wako.

Ng'ombe wako wa maziwa unamwandikia tarehe ya kupandishwa na ya kuzaa. Pikapu nayo ifungulie ukurasa: uwiano wa difu zote mbili, alama za kibati, namba za beringi. Ifanye kazi hiyo sasa, kabla mavuno hayajaanza na haraka haijaanza kukuchagulia spea.